Jahazi la Maskini na Ufuo wa Wageni

Sifa zote njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, Mola aliyeitiisha bahari ikabeba vyombo, akazifanya pwani kuwa mahali pa riziki na pa kupumzikia waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila mwenye kuifuata njia yao mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, khasa nyinyi mkaao katika miji ya pwani. Mwezi wa Septemba 2023 Shirikisho la Mpira la Afrika lilitoa uamuzi ya kuwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 lichezwe katika nchi tatu kwa pamoja: Kenya, Uganda na Tanzania. Tangu siku hiyo maneno ya viwanja, ya barabara na ya mahoteli yamekuwa mengi barazani. Na ni ada ya ulimwengu ya kuwa penye kungojewa wageni hapakosi matengenezo. Na katika mji wa bahari, ufuo ndio uso wa mji, basi huwa wa kwanza kuoshwa. Si makusudio yetu katika karatasi hii kuzungumza khabari ya mpira wenyewe. Twataka kuuliza jambo moja tu: ufuo ni wa nani, na unapopambwa hupambiwa nani?

Wazee wetu wametuachia neno ya kuwa mwenzako akinyolewa, nawe tia maji. Basi natumtazame mwenzetu aliyekwisha kunyolewa. Huyo ni mji wa Durban, ulioko Afrika ya Kusini, katika pwani ya bahari hii hii yetu ya Hindi, ambao ulipambwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2010.

Kwanza twapenda kuondoa dhana mbaya. Asije mtu akasema ya kuwa sisi twachukia mji kutengenezwa, au twaona ya kuwa uchamungu ni kukaa katika taka. Dini yetu haikuharamisha pambo alilowatolea Mwenyezi Mungu waja wake; bali Qur'ani imewakemea wenye kuliharamisha. Kumkirimu mgeni ni katika Imani. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa Imani ina matawi mengi, na la chini yake kabisa ni kuondoa njiani kitu chenye kuwaudhi wapitao. Ikiwa kuondoa mwiba mmoja njiani ni tawi la Imani, je, kuondoa jaa zima la taka lililo pwani? Hapana shaka ni jambo la thawabu. Mwenye kupanda mti, mwenye kuweka kiti cha mzee kukalia, mwenye kutia taa ili mama na wanawe watembee bila ya khofu, wote hao wamefanya wema, wakiwa wamemkusudia Mola wao.

Tena Durban yenyewe ni ushahidi ya kuwa ufuo uliofunguliwa kwa watu wote ni neema kubwa. Kwa miaka mingi ufuo ule haukuwa wa watu wote. Mwaka 1953 serikali ya ubaguzi ilipitisha sheria ya kutenganisha mahali pa umma kwa rangi za watu, na katika ufuo wa Durban vikasimamishwa vibao vilivyosema ya kuwa mahali fulani pa kuogea ni pa Wazungu peke yao. Mwafrika aliyezaliwa katika nchi hiyo, na Mhindi ambaye babu yake aliletwa tangu mwaka 1860 kulima miwa, wakawa wahalifu kwa kuyatia miguu maji ya Mwenyezi Mungu. Mwaka 1989 watu waliingia katika fuo hizo kwa makusudi, wakaivunja sheria mbele ya macho ya askari, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikatangaza ya kuwa fuo ziko wazi kwa wote. Sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1990.

Na katika waliodhulumiwa pwani ile wako ndugu zetu walio karibu zaidi kuliko tudhanivyo. Tangu mwaka 1873 Waingereza walipeleka Durban watu waliokombolewa katika majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, ambao walipitishia Unguja. Na kwa ajili hiyo wakaitwa Wazanzibari mpaka leo. Waliishi mahali paitwapo King's Rest, juu ya kilima cha Bluff kinachotazama bahari, katika ardhi iliyokuwa mikononi mwa wadhamini wa msikiti. Walijenga msikiti wao, wakasomesha watoto wao, wakazika maiti wao. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1960, kwa sheria ya kuyagawa makao ya watu kwa rangi zao, waling'olewa pale, wakapelekwa Chatsworth, mbali na bahari. Mtu aliyeokolewa katika utumwa akapewa kilima, kisha akanyang'anywa kilima! Basi yeyote mwenye kuizungumza pwani ya Durban azungumze akijua ya kuwa swali la nani mwenye haki ya kuikaribia bahari halikuanza na mpira.

Sasa natuje katika matengenezo yenyewe. Mji ulijenga uwanja mpya, ukaupa jina la Moses Mabhida, mpigania uhuru na haki za wafanyakazi. Uwanja huo ulifunguliwa mwezi wa Novemba 2009, una tao kubwa lenye urefu wa mita 106 kwenda juu, na katika siku za Kombe ulikuwa ukichukua watu zaidi ya 60,000. Gharama yake ilipita randi bilioni 3. Nao ulijengwa mkabala wa uwanja mwingine mkubwa wa ragbi uliokuwapo zamani. Ufuoni, njia ya kutembea kwa miguu ilipanuliwa na kuunganishwa kutoka upande wa mlango wa mto uMngeni kwenda upande wa bandari, kwa mwendo wa kilomita kadhaa, bila ya mtu kukatizwa na gari. Mwaka 2019 ikaongezwa tena mpaka karibu na mlango wa bandari. Ukiitazama njia ile siku ya mapumziko utawaona watu wa kila rangi: mwenye kanzu, mwenye baiskeli, mwenye kusukuma gari la mtoto, wote katika mahali ambapo baba zao wasingeweza kukaa pamoja. Hili ni jema, nasi twalisema wazi. Mwenye insafu hufunua mizani yote miwili.

Walakini mizani wa pili nao una uzito. Palikuwa na wavuvi wa mshipi katika gati za ufuo ule, wengi wao kizazi cha wale Wahindi walioletwa kulima miwa, watu wasiokuwa na mashua wala leseni kubwa, mwenye ndoana na chambo na subira. Wengine walivua kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani, wengine kwa ajili ya kuuza wapate nauli na unga. Ufuo ulipopambwa walizuiwa katika gati walizozivua tangu enzi za wazazi wao. Walipiga kelele, wakaandamana, wakasema ya kuwa hii ndiyo kazi waliyorithi. Na ajabu ya mambo, miezi ya Juni na Julai ambayo Kombe lilichezwa ndiyo miezi ambayo dagaa hupita kwa makundi makubwa katika pwani ile, na samaki wakubwa huwafuata nyuma. Riziki ikipita mbele ya macho, na mwenye riziki akiwa amefungiwa mlango.

Si wavuvi peke yao. Katika mtaa wa Warwick pana soko la mboga lijulikanalo kama Soko la Alfajiri, lililofunguliwa mwaka 1910. Ilipofika mwaka 2009, likiwa limebakiwa na mwaka mmoja litimize miaka mia, baraza la mji lilitaka kulivunja ili pajengwe jumba kubwa la maduka, na katika hoja zilizotajwa ni Kombe linalokuja. Wachuuzi wakasimama, na wanasheria wakasimama pamoja nao, na wasomi wakaandika. Kesi zikaenda mahakamani, na soko halikuvunjwa. Leo lingaliko, na mama aliyekuwa akiuza bizari na matango kabla ya Kombe aliweza kuuza baada ya Kombe. Lishikeni jambo hili vizuri, kwani tutalirejea.

Na liko jambo la tatu, ambalo kwa udogo wake ladhihirisha mengi. Usiku wa tarehe 7 Julai 2010 palichezwa Durban nusu ya fainali baina ya Uhispania na Ujerumani. Ndege za matajiri zilijaa katika kiwanja kipya cha ndege cha mji, zikakataa kuondoka zilipoegeshwa. Na ndege za abiria, zenye watu waliokwisha kununua tiketi kwa jasho lao, zikakosa mahali pa kutua, zikarudishwa au zikapelekwa kwingine. Mamia ya watu wakaukosa mchezo. Aliyekuwa na ndege yake aliona, na aliyekuwa na tiketi yake hakuona. Hivi ndivyo mambo yendavyo kila mahali pazuri pasipokuwa na mlinzi wa haki.

Ndugu zetu, mazingatio ya haya yako katika sura tuisomayo kila Ijumaa, nayo ni Suratul Kahf. Nyote mwaijua khabari ya Nabii Musa (a.s.) pamoja na yule mja mwema, ambaye wanavyuoni wengi husema ni Khidhri. Walipanda jahazi, na yule mja mwema akalitoboa. Nabii Musa akashtuka, akamuuliza vipi alitoboe chombo cha watu waliowapakia kwa ihsani. Mwishowe akafunuliwa siri yake: jahazi lile lilikuwa la maskini wafanyao kazi baharini, na huko mbele palikuwa na mfalme aliyekuwa akitwaa kila jahazi kwa nguvu, basi akalitia kombo ili lisitwaliwe.

Yatazameni maneno haya kwa macho ya mtu wa pwani. Kwanza, Mwenyezi Mungu amewaita maskini, na hali wanacho chombo. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamelishika hili kuwa ni hoja ya kuwa maskini si lazima awe hana kitu kabisa. Huenda akawa na chombo cha kazi, na kipato chake kisimtoshe. Basi msidanganyike na mtu akiwaambieni ya kuwa mvuvi ana nyavu zake, au mchuuzi ana meza yake, kwa hivyo hahitaji kutazamwa. Maskini mwenye chombo ukimnyang'anya mahali pa kukitumilia, umemgeuza akawa fakiri asiye na kitu.

Pili, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu: mfalme yule hakuwa na haja ya majahazi mabovu. Alitaka mazima. Jahazi lenye kombo lilipita salama, na jahazi zuri lilitwaliwa. Basi uzuri wa kitu cha maskini ndio umwitao mporaji. Kwa muda ambao ufuo una mawe na mwani na harufu ya samaki, hapana tajiri aulizaye ni wa nani. Siku utakapotiwa taa na vigae na minazi iliyopangwa safu, atatokea mwenye karatasi, na mwenye jamaa yake ofisini, na mwenye kusema ya kuwa wachuuzi wanaharibu sura. Mvuvi aliyekuwa hapo tangu babu yake ataambiwa ya kuwa yeye ndiye mgeni.

Je, hukumu yake ni nini? Tutoboe jahazi letu? Tuuache ufuo wetu katika taka ili usitamaniwe? La, hasha. Yule mja mwema alitenda kwa ilimu maalumu aliyofunuliwa na Mola wake, wala hatukuamrishwa kuiga tendo lile. Sisi tumeamrishwa kusimamisha uadilifu. Kazi yetu ni kulitengeneza jahazi likawa zuri, na papo hapo kumzuia mfalme asilitwae. Mwenye kulipamba bila ya kulilinda amemsaidia mporaji, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Na ulinzi huo sheria yetu haikuuacha bila ya kuueleza. Fungueni Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho mashekhe wetu wamekisomesha pwani hii vizazi na vizazi, katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Mtakuta humo mas-ala ya njia na mahali pa manufaa ya wote. Hukumu yake ni ya kuwa njia asili yake ni ya kupita, na wala si haramu mtu kukaa hapo kwa kupumzika au kwa kuuza na kununua, madhali hawabani wapitao. Wala hahitaji idhini ya mtawala. Na aliyetangulia mahali akakaa kwa biashara, akiondoka kwa nia ya kurudi, haki yake haivunjiki, ila akikaa muda mrefu hata wateja wake wakakatika wakamzoea mwingine. Subhanallah! Wanavyuoni waliyaandika haya zamani za karne nyingi, na waliuona moyo wa jambo: haki ya mchuuzi si meza yake tu, bali ni mahali pake na mazoea ya wateja wake. Ukimwambia aondoke miezi sita kwa ajili ya ukarabati, kisha arejee, na huku umempangisha mwenzake mwenye mali, humwondoi kwa muda. Umemvunjia haki yake kabisa.

Wako watakaosema: maslaha ya mji ni makubwa kuliko ya mtu mmoja, wageni wakija, fedha zitaingia, na wote watanufaika. Nasi hatukatai ya kuwa maslaha ya wote yana uzito. Lakini natutazame wakubwa wetu walivyoyapima. Imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alipotaka kuupanua msikiti wa Mtume huko Madina, nyumba ya Sayyidna Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa imepakana nao. Umar akamtaka aiuze, au aitoe, au apewe nyingine mahali pengine. Abbas akakataa yote. Umar, na hali yeye ndiye Khalifa, hakuleta askari usiku. Walikwenda mbele ya Ubayy bin Kaab awahukumu, na hukumu ikawa ya Abbas. Kisha Abbas, baada ya haki yake kuthibiti, akaitoa nyumba yake kwa hiari yake kuwa sadaka kwa Waislamu.

Basi wenye akili, pimeni. Ikiwa msikiti wa Mtume haukupanuliwa kwa kumlazimisha mtu mmoja, uwanja wa mpira utakuwa na ubora gani juu yake? Na ikiwa Amiri wa Waumini alisimama mbele ya hakimu sawasawa na raia wake, ni nani mwenye kuona uzito kumsikiliza mvuvi? Tena angalieni mwisho wa kisa: haki ilipothibiti, ukarimu ukaja wenyewe. Watu wakiheshimiwa hutoa. Wakinyang'anywa hubaki na uchungu, hata jengo likipendeza namna gani.

Lingine tulilojifunza kwa Durban ni khabari ya yaliyo chini ya vigae. Mwezi wa Aprili 2022 mvua kubwa ilipiga pwani ile, watu zaidi ya 400 wakafa, Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa. Mafuriko yaliharibu mabomba na mitambo ya maji machafu, na uchafu wa vyoo ukaingia mitoni na baharini. Kwa miezi mingi fuo kadha wa kadha za mji zilifungwa, watu wakakatazwa kuoga kwa ajili ya maradhi. Ile njia nzuri ya kutembelea ilikuwapo, lakini bahari iliyokuwa ndiyo sababu ya kuja kwao haikufaa kuguswa. Sisi tuliofundishwa ya kuwa udhu hausihi kwa maji yaliyonajisika, hata kama birika limepigwa rangi, tulikuwa na haki ya kulijua hili zaidi ya watu wote. Fedha ya kwanza ya mji wa bahari yapasa iende katika mfereji usioonekana, kabla ya taa ionekanayo. Mwenye kutengeneza kionekanacho akaacha kisichoonekana, amefanya riya ya mawe na saruji.

Natugeuke sasa tuutazame ufuo wetu wenyewe. Bustani ya Mama Ngina huko Mombasa ilitengenezwa na kufunguliwa upya mwezi wa Oktoba 2019, nasi twaona watu wa mji wakienda jioni kupunga upepo. Matengenezo mengine yatakuja, ikiwa ni kwa sababu ya mpira au ya kitu kingine. Sheria ya nchi iko upande wetu katika asili ya jambo: Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeihesabu ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Lakini mchanga wa umma uliozungukwa na kuta za watu binafsi ni kama kisima kisicho na kamba. Haki ya ufuo haitimii bila ya njia ya kuufikia, na diko la wavuvi haliwi diko kama mvuvi hawezi kulifikia na samaki wake kabla hawajaharibika.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu mambo machache. La kwanza, msingoje tingatinga lifike ndipo muulize. Soko la Alfajiri la Durban halikuokoka kwa kulia baada ya kuvunjwa. Liliokoka kwa sababu wenyewe walisimama mapema, wakiwa pamoja, na karatasi zao mkononi. Mikutano ya wananchi inapoitwa, nendeni. Mwenye kuacha kiti chake kitupu asishangae mwingine akikikalia.

La pili, wavuvi na wachuuzi wajiandikishe, na majina ya madiko na ya njia za pwani yaandikwe, pamoja na mashahidi wazee wanaozijua. Haki isiyoandikwa hufa pamoja na mzee aliyeijua. Na Qur'ani yatuamrisha kuandika deni dogo na kubwa. Sembuse njia ya kijiji kizima?

La tatu, enyi matajiri wetu. Mfalme wa kisa kile hakuwa lazima awe mtu wa mbali wala wa dini nyingine. Mwislamu anayejenga ukuta juu ya njia ya wavuvi, kisha akaja msikitini safu ya kwanza, ajue ya kuwa Mtume (s.a.w.) ametuonya ya kuwa mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba siku ya Kiyama. Hakusema ila ikiwa ana hati.

La nne, nyinyi watumiaji wa ufuo. Mwenye kudai haki na atekeleze haki. Ganda la mhogo, dafu lililonywewa, mfuko wa plastiki, hayo hayakutupwa na mgeni. Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu sahaba zake kukaa njiani kwa sharti ya kuwa waipe njia haki yake. Mchuuzi aliyesafisha mahali pake ana hoja yenye nguvu mbele ya baraza la mji. Mchuuzi aliyeacha jaa nyuma yake amempa adui yake silaha.

La tano, mashekhe na makhatibu wasione ya kuwa haya ni mambo ya siasa wakayanyamazia. Kuamrisha mema na kukataza mabaya hakuishii katika milango ya misikiti. Aliyeijua hukumu ya Minhaj akamwona mchuuzi akibebewa meza yake, naye ameinamisha macho, ilimu yake itamuuliza.

Wageni wataingia, watashangilia, kisha watarudi makwao. Durban ilichezwa michezo saba tu katika Kombe lile. Baada ya mchezo wa saba mji ulibakia na wenyewe. Kipimo cha matengenezo si picha iliyopigwa siku ya kufungua. Kipimo ni asubuhi ya baada yake: je, mvuvi yuko mahali pake na mshipi wake? Je, mama anauza mihogo yake bila ya kukimbizwa? Je, mtoto wa mtaa wa ndani aweza kuoga pasipo kulipa na pasipo kuugua? Zikiwa jawabu ni ndiyo, basi hayo ni matengenezo, na aliyeyafanya ana ujira wake. Zikiwa siyo, basi lililotengenezwa si la watu wa mji. Mfalme amekwisha kulitwaa jahazi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watawala wetu macho ya kumwona mdogo kabla ya mkubwa, awape wanyonge wetu umoja na subira, awape matajiri wetu khofu ya hesabu. Azilinde pwani zetu na dhulma ya nchi kavu na ghadhabu ya bahari, na atujaalie tuwe katika wenye kutengeneza bila ya kuharibu. Amin. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.